Fundi wa Nyamongo na sentensi za hataza

Kila rundo la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, linalomwagiwa sayanaidi Nyamongo, wilayani Tarime, linapita kwenye uvumbuzi uliowahi kuwa na mwenyewe. Mwaka 1887 mkemia wa Glasgow, John Stewart MacArthur, pamoja na ndugu wawili madaktari, Robert na William Forrest, waliomba hataza nchini Uingereza kwa njia ya kutoa dhahabu kwenye mawe kwa maji ya sayanaidi. Njia hiyo ndiyo iliyookoa migodi ya Johannesburg, ambako mawe ya chini yalikuwa yameanza kuikataa zebaki. Kampuni iliyoshika hataza ilidai mrabaha mnono, wenye migodi wakagoma kulipa, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1896 mahakama ya Transvaal, ilikokuwa migodi hiyo, ikaifuta hataza hiyo. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya rufaa ya Uingereza nayo ilikuwa imeitia dosari.

MacArthur hakuiba kazi ya mtu. Shida ilikuwa kwenye karatasi. Dai la kwanza la hataza yake lilitaka umiliki wa kuyeyusha dhahabu kwa sayanaidi bila kujali ukali wa dawa, wakati watu wa kupaka dhahabu kwenye vyombo kwa umeme walikuwa wanajua tangu miaka ya 1840 kwamba sayanaidi inaila dhahabu. Kilichokuwa kipya kweli ni kwamba maji mepesi sana, yenye dawa kidogo tu, yanachagua dhahabu na kuacha sehemu kubwa ya takataka nyingine. Jambo hilo lilikuwemo, lakini lilikaa kwenye dai la pili, lililotaja kiwango kisichozidi sehemu 8 za sayanojeni kwa sehemu 1,000 za maji. Uingereza hataza ilibidi ipunguzwe hadi kwenye maji hayo mepesi. Mali yote ile ilikuwa inategemea aliyeandika sentensi mbili, na ya kwanza aliiandika pana kupita kiasi.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu katika wilaya za Tarime na Serengeti tukizungumzia wabunifu wetu huwa tunaishia kwenye kuwasifu. Mkuu wa wilaya anapita bandani kwenye maonyesho, fundi anawasha mashine, watu wanapiga picha, anapewa cheti cha ushiriki na kuambiwa akasajili kazi yake ili isiibwe. Akaisajili wapi, aandike nini, na kwa faida gani, hapo kila mtu anamwachia mwenzake. Fundi anaambiwa hili na COSOTA, lile na COSTECH, jingine na TBS, na anarudi karakana akiwa na nauli iliyokwisha. COSOTA inashughulikia hakimiliki za vitabu, muziki na kazi za sanaa. COSTECH inaendeleza utafiti na wabunifu. TBS inapima ubora. Hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wako kwa muda maalumu, kwa Tanzania Bara inatolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya sheria ya usajili wa hataza ya mwaka 1987. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya mwaka 2008.

Sheria inauliza maswali matatu: jambo ni jipya? Je, mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo angeliona moja kwa moja bila kuumiza kichwa? Linaweza kutengenezwa au kutumika katika uzalishaji? Ukivuka hapo, hataza ya BRELA inadumu miaka 10 tangu siku ya kuomba, na inaweza kuongezwa mara mbili, miaka 5 kila mara, ukionyesha kwamba uvumbuzi unafanyiwa kazi nchini. Kuna pia mlango mdogo ambao mafundi wengi hawajawahi kuusikia: cheti cha uvumbuzi mdogo, kinachodumu miaka 7, ambacho hakidai ile hatua kubwa ya kiakili. Inatosha jambo kuwa jipya na kufaa kwa uzalishaji. Kwa kazi nyingi za karakana za Tarime mjini, Nyamongo na Mugumu kule Serengeti, huu ndio mlango unaolingana na kimo cha kazi yenyewe, na ajabu ni kwamba karibu kila anayeshauri wabunifu anaanza na ule mkubwa.

Kuna vitu sheria haivigusi kabisa. Kugundua jambo la maumbile si uvumbuzi. Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi alipoona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule wa baridi, alipata jina lake kwenye vitabu vya fizikia lakini hakuna hataza ambayo angeweza kuiomba. Aina za mimea na wanyama nazo zimewekwa kando. Mbegu ya kahawa inayotoka kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI pale Sirari, au mahindi yoyote yaliyoboreshwa, yanaangukia sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu za mimea ya mwaka 2012, ambayo ina ofisi na masharti yake. Namna ya kuendesha biashara haiombewi hataza, na namna ya kumtibu mtu au mnyama vilevile.

Sasa tuingie karakana. Tuseme fundi mmoja wa Nyamongo ameboresha karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Anayeijua mashine hiyo anajua shida zake: nyundo zinakwisha haraka kwa sababu mawe ya pale ni magumu, na vumbi lake ni la kuua, maana vijana wanaosaga mawe makavu wanakohoa mpaka wanashindwa kazi. Fundi huyu amefanya mambo mawili. Ameweka mfuniko wenye njia ya maji inayofunguka yenyewe mhimili unapoanza kuzunguka na kujifunga unaposimama, bila pampu na bila mtu wa kumwaga maji. Tena nyundo zake, anazozitengeneza kwa springi za magari chakavu, anazichoma na kuzipoza kwa namna yake mwenyewe, zikadumu kuliko za jirani.

Akiandika ombi mwenyewe, ataandika anachokiona mbele yake: karasha yenye nyundo nne za springi za Land Cruiser, tangi la lita 20 na bomba la nusu inchi juu ya mfuniko. Kila neno hapo ni kweli, na kila neno linampunguzia mali. Jirani akiweka nyundo tano na tangi la lita 30, yuko nje ya dai. Akienda kwa mtu asiyejua mashine, ataandikiwa kinyume chake: mashine yoyote ya kusaga mawe ya dhahabu bila kutoa vumbi. Hilo litamfurahisha sana mpaka siku ya ukaguzi, kwa sababu mashine za kusaga kwa maji zipo duniani tangu zamani, na dai litakufa kama la kwanza la MacArthur.

Dai linaloweza kusimama liko katikati, na halipatikani kwa kukisia. Lingesema, kwa mfano: karasha yenye chumba cha kusagia, mhimili wenye nyundo ndani ya chumba hicho, na mfuniko wenye njia ya maji, ambapo njia hiyo ina kizibo kilichounganishwa na mhimili kiasi kwamba mzunguko wa mhimili ndio unaokifungua. Idadi ya nyundo haipo, ukubwa wa tangi haupo, jina la gari halipo. Halafu yanafuata madai madogo yanayoegemea hilo la kwanza: kizibo kikiwa cha mpira, kikiwa cha chuma chenye uzito, maji yakishuka kwa pembe fulani. Dai kubwa likianguka mahakamani, dogo linaweza kubaki limesimama. Yule jirani mwenye nyundo tano sasa yuko ndani, lakini mwenye mashine ya zamani ya kusaga kwa maji ya pampu yuko nje, na hana sababu ya kuja kupinga.

Kuandika hivyo ndiyo kazi ya wakala wa hataza, na wengi wanaomlaumu kwa bei yake hawajui kwamba wananunua sentensi. Kabla ya kuandika anatafuta kama jambo limeshafanywa kokote duniani. Kisha anamhoji mvumbuzi, mara nyingi kwa maswali ya kuudhi: je, maji yakitoka pembeni badala ya juu, mashine bado inafanya kazi? Je, kizibo kikiendeshwa na upepo wa nyundo badala ya mhimili? Anauliza hivyo kwa sababu hayo ndiyo mambo atakayoyafanya mwigaji. Akishaandika, anajibu hoja za mkaguzi, anachunga tarehe, na anakumbusha ada za kila mwaka, ambazo zisipolipwa hataza inakufa bila kelele.

Mataifa yaliyokwisha kuizoea kazi hii yameigeuza kuwa fani yenye mtihani. Uingereza chama cha mawakala wa hataza kiliundwa mwaka 1882. Marekani huruhusiwi kumwakilisha mtu mbele ya ofisi ya hataza bila kufaulu mtihani wake, na sharti la kuufanya ni kuwa na masomo ya sayansi au uhandisi. Kenya mawakala wanasajiliwa na KIPI, ofisi ya mali za viwandani ya nchi hiyo. Kwetu Bara kazi hii imebebwa na mawakili wa kawaida, na waliobobea wako Dar es Salaam, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Tarime. Wateja wao wakubwa ni kampuni za nje, na hilo lina mantiki, kwa sababu mwombaji anayeishi nje ya nchi anatakiwa na sheria kuwakilishwa na mtu wa hapa. Mtanzania anaruhusiwa kuomba mwenyewe. Ruhusa hiyo inaonekana kama hisani, ila kwa fundi wa Nyamongo ina maana kwamba hakuna anayemlazimisha kutafuta msaada mpaka dai lake liwe limeshaharibika.

Wakili wa Musoma au Mwanza anaweza kuandika mkataba mzuri wa kiwanja, lakini mweleze kizibo kinachofunguliwa na mhimili uone. Upande wa pili, Mkoa wa Mara una watu wanaoijua mashine vizuri: SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo Musoma, VETA ya mafunzo ya ufundi ipo, na mgodi wa North Mara umejaa wahandisi. Hao hawajawahi kufundishwa kwamba neno “nne” linaweza kumfilisi mtu. Pengo la hataza katika wilaya hizi mbili, kwa maoni yangu, liko hapo kati ya mwanasheria na fundi mchundo. Semina za uhamasishaji hazilizibi, kwa sababu semina haiandiki dai.

Wakala mzuri ana kazi nyingine isiyompa jina: kusema usiombe.

Zile nyundo zilizochomwa na kupozwa kwa ufundi wa pekee, wakala makini angemwambia fundi azinyamazie. Hataza ni biashara na serikali: unaeleza uvumbuzi wako kinagaubaga, ili mtu mwenye ujuzi aweze kuurudia, na wewe unapewa muda wa kuumiliki. Muda ukiisha, ni wa wote. Kizibo cha maji huwezi kukificha, maana atakayenunua mashine ataifungua siku hiyohiyo aone. Nyundo haimwambii mtu ilipozwa kwa mafuta au kwa majivu, wala kwa muda gani. Siri ya namna hiyo inaweza kukaa kwenye familia miaka mingi kuliko hataza yoyote, mradi vijana wa karakana wasihame nayo.

Kuna pia wanaoamua kutoa bure, na wana hoja. Mkoani Mara, ambako kichaa cha mbwa kimepigwa vita kwa miaka mingi kwa kampeni za kuchanja mbwa, watafiti walionyesha kwamba chanjo moja inayotumika sana haipotezi nguvu ikikaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25 au miezi 3 kwenye nyuzi joto 30. Swali likawa namna ya kuiweka kwenye ubaridi huo kijijini pasipo umeme. Jibu lilikuwa chombo cha kutengenezwa hapahapa, kinachopoza kwa maji yanayokauka taratibu, mithili ya mtungi wa bibi, nacho kikaitwa Zeepot. Mwaka 2020 maelezo yake yalichapishwa kwenye jarida la kisayansi lililo wazi kwa kila msomaji. Kwa kuchapisha tu, mlango wa hataza ulifungwa kwa kila mtu, akiwemo mjanja ambaye angejitokeza kesho kudai ni chake. Kwa kifaa ambacho thamani yake ni kuenea, uamuzi huo una akili.

Uzio wa mizinga ya nyuki unaotumika kuwazuia tembo uliletwa kwa roho hiyohiyo. Waliouendeleza Kenya waligawa kitabu cha maelekezo bila malipo. Vijiji vya Serengeti vinavyopakana na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti vinahitaji uzio wenyewe kuliko cheti chake. Kamba ya kuzuia tembo iliyopakwa pilipili na mafuta machafu haina mwenyewe hata mmoja, na yeyote atakayejaribu kuiombea hataza leo ajibiwe kwamba wakulima wa Afrika Mashariki na Kusini wameitumia miaka mingi. Dawa za asili za Wakurya, Waikoma na Wangoreme zinahitaji ulinzi wa aina nyingine. ARIPO, shirika la kanda la mali za ubunifu lenye makao Harare, lilipitisha itifaki ya maarifa ya jadi kule Swakopmund mwaka 2010 kwa ajili ya mambo kama hayo, lakini itifaki inahitaji nchi ziiridhie na ziwe na rejesta, na maarifa yenyewe yanaondoka na wazee.

Kuchapisha kwa kukusudia ni jambo moja. Kuchapisha kwa bahati mbaya ndiko kunakowaumiza wengi. Sheria ikisema jambo liwe jipya, inamaanisha lisiwe limewekwa hadharani kabla ya siku ya kuomba, hata na mvumbuzi mwenyewe. Fundi akipeleka karasha yake kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kanda pale Nyakabindi, Bariadi, akaufungua mfuniko mbele ya umati, kisha kijana wake akarusha video kwenye kundi la WhatsApp la wachimbaji, amejiharibia mwenyewe. Sheria za nchi nyingi zinaacha nafasi ndogo ya miezi kadhaa kwa kilichoonyeshwa kwenye maonyesho rasmi, lakini nafasi hiyo ina masharti na hailindi video. Mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yaliyoanza mwaka 2019, yamewatoa wengi gizani. Ningependa fomu ya kujiandikisha iwe na swali moja tu la mwanzo: umeshaomba ulinzi, au unataka kuonyesha mashine ikiwa imefungwa?

Halafu kuna mpaka. Hataza haivuki geti la Sirari. Kipande cha barabara kinatenganisha Sirari na Isebania, Wakurya wako pande zote mbili, na miamba ya dhahabu inaendelea mpaka kaunti ya Migori, ambako pia kuna wachimbaji wadogo wanaohitaji karasha. Fundi mwenye hataza ya BRELA peke yake hawezi kumzuia mtu wa Migori kuiga kizibo chake na kuuza huko. Anaweza kumzuia asiilete Tarime. Ili ashike pande zote mbili ana mwaka 1 tangu ombi lake la kwanza kuomba Kenya kwa kuhesabiwa tarehe ileile, au anaweza kupitia ARIPO na kuzitaja Tanzania na Kenya katika ombi moja, kwa kuwa zote zimo katika Itifaki ya Harare. Njia hiyo inagharimu zaidi, na fundi anapaswa kuambiwa wazi kama soko la Migori litairudisha pesa hiyo.

Mpaka huo huo una upande mtamu ambao hausemwi. Hataza za dunia nzima zimo kwenye hazina za bure za mtandaoni kama Patentscope na Espacenet, zikiwa na michoro na maelezo, kwa sababu kwa kawaida maombi yanachapishwa baada ya miezi 18. Sehemu kubwa mno ya hizo haikuombwa kamwe Tanzania. Nyingine zimekwisha muda. Zote hizo fundi wa Mugumu anaweza kuzitumia hapa kihalali bila kumlipa mtu, mradi bidhaa asiipeleke nchi ambayo hataza bado iko hai. Na pale ambapo mwenye hataza yupo, kuna leseni: mwaka 2003 Sumitomo Chemical ya Japani ilikipa kiwanda cha A to Z cha Arusha teknolojia ya chandarua chenye dawa ya kudumu bila kudai mrabaha, na vyandarua vya Arusha vikasambaa Afrika.

Haki bila nguvu ya kuidai ni karatasi, na kesi ya hataza ni ghali. Ndiyo maana watu husema hakuna maana ya kuisajili. Sikubaliani nao moja kwa moja. Fundi hataweza kuwashtaki mafundi kumi wa mialoni wanaoiga kizibo chake, lakini anaweza kukaa mezani na mfanyabiashara mmoja wa Mwanza anayetaka kutengeneza karasha mia moja, na pale cheti chenye dai lililoandikwa vizuri kina bei. Bila cheti mfanyabiashara atanunua mashine moja tu, ya kunakili. Kijana aliyeajiriwa asome mkataba wake kabla ya yote: uvumbuzi uliotokana na kazi aliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida ni wa mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine.

Nani amlipe mwandishi wa dai? Halmashauri ya Wilaya ya Tarime inapokea kila mwaka fedha za uwajibikaji kwa jamii kutoka mgodi wa North Mara, na zinakwenda kwenye madarasa, zahanati na visima, kama inavyostahili. Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vya karakana vimo. Mshahara wa mhandisi mmoja mwenye mafunzo ya kuandika madai, akae SIDO Musoma na kufanya kazi na wakili mmoja wa Mwanza, akizunguka Nyamongo, Tarime mjini na Mugumu, ungekuwa sehemu ndogo ya fedha hizo. Nadhani miezi yake ya kwanza asingepeleka BRELA maombi mengi. Angefungua kompyuta mbele ya fundi, amwonyeshe mchoro wa mtu wa Brazili au India aliyetangulia kufanya jambo lilelile, wahakikishe haukuombwa nchini, kisha amwambie aokoe ada yake na aunakili.